Mwalimu Aliyetufundisha Kufukuzwa

Walimu wengi wa lugha huanza na salamu. Yeye alianza na kufukuzwa kazi. Jumamosi yangu ya kwanza katika darasa lake kule Vällingby, nchini Uswidi, nikiwa bado na koti mwilini kwa kuwa ukumbi wa kanisa ulikuwa haujapata joto, aliandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza, akageuka, akatuuliza kwa Kiswahili ni nani kati yetu angejua la kufanya akiambiwa hivyo na bosi wake. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Basi tuanzie hapa," alisema. "Habari za asubuhi mtafundishwa na kila mtu. Haya hakuna atakayewafundisha mpaka siku mtakayoambiwa, na siku hiyo mtakuwa mmechelewa."

Mgeni anaweza kuuliza Kiingereza ni cha nini katika nchi ya Waswidi. Sisi tuliokalia viti vile hatukuwa na swali hilo. Wengi wetu tulikuwa Warundi na Wakongo, watu tuliohangaika na Kiswidi mpaka tukakiweza cha dukani na cha hospitalini, halafu kampuni zetu zikanunuliwa na watu wa nje na mikutano ikaanza kufanywa kwa Kiingereza. Mimi nafanya kazi kwenye ghala moja la Jordbro, nafunga maboksi ya vifaa vya bafuni. Kifaransa changu cha Bujumbura hakikunisaidia kitu mbele ya meneja mpya. Kiswahili changu cha Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule kwetu, ndicho kilichonifikisha kwa Mwalimu.

Tulimwita hivyo tu, Mwalimu. Alikuwa Mkenya, mrefu, mwenye mabega yaliyoanza kuinama, na alikuwa na namna yake ya kuingia darasani. Alifika na mabuti mazito ya theluji kama sisi sote, akakaa kwenye benchi la mlangoni, akatoa kwenye mfuko wa plastiki jozi ya viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa, akavivaa na kufunga kamba bila haraka. Kabla ya viatu hivyo hakujibu swali lolote. Mtu akimwuliza jambo huku yuko kwenye mabuti, alisema, "Ngoja mwalimu afike." Darasa likiisha alivivua, akavifuta kwa kitambaa, akavirudisha mfukoni. Sikuwahi kumwona navyo barabarani, na hilo nalitaja sasa kwa sababu baadaye lilinisaidia kujua jambo.

Alikuwa na hazina ya namna za kusema kwamba mtu amepoteza kazi, na alizipanga ubaoni kwa safu mbili. Kushoto yalikaa maneno ya kuuma. Waingereza, alisema, humpa mtu gunia. Inasemekana fundi wa zamani alibeba vifaa vyake ndani ya gunia, na tajiri akimrudishia gunia lake, mambo yamekwisha. Humpa pia buti, humpa shoka, humwonyesha mlango, humchoma moto. Wamarekani humpa karatasi ya rangi ya waridi, "kama kadi ya harusi," alisema, tukacheka. Waswidi humpa teke. Mkongo mmoja aliongeza kwamba Wafaransa nao humweka mtu mlangoni. Mwalimu akamalizia na ya kwetu: Nairobi mtu hupigwa kalamu, Dar es Salaam kitumbua chake huingia mchanga, na kwingi mtu humwaga unga.

Kulia yalikaa maneno ya kupapasa. Tunakuachia uende. Tunaipanga upya idara. Tunakutakia mema huko uendako. Kazi imepungua. Chini kabisa aliandika neno moja la Kiswahili, kupumzishwa, akalipigia mstari.

Mama mmoja Mrundi alisema kwamba angependa akifukuzwa aambiwe kwa maneno ya upande wa kulia, yana heshima zaidi. Mwalimu alitikisa kichwa.

"Mama, haya ya gunia na buti tumeyatunga sisi watu wa chini, ili tucheke tusilie. Yale laini wameyatunga wao, ili walale usingizi. Ukisikia buti, unajua umepigwa. Ukipapaswa, unasema asante."

Maneno hayo aliyarudia katika miaka yote niliyomfahamu, kila mara kama ndiyo kwanza ameyapata. Alikuwa na tabia hiyo ya kurudia. Alikuwa pia na tabia ya kudai sauti. Mwanafunzi akisoma sentensi kwa kunong'ona, kama tulivyozoea kufanya mbele ya wakubwa, yeye aliweka mkono sikioni na kusema, "Aliye mlangoni hajasikia." Mlangoni hapakuwa na mtu. Mkewe, mwanamke mcheshi ambaye siku nyingine alikuja na chupa ya chai, alituambia kwamba hata nyumbani Norsborg husema hivyo wakati wa kuombea chakula, na watoto humjibu kwa Kiswidi kwamba hakuna mtu mlangoni, baba, chakula kinapoa.

Kuhusu kukaa kwake Norsborg, mwisho wa njia nyekundu ya treni, alifanya mzaha. Alisema amechagua mwisho wa reli kwa kuwa kutoka pale hakuna anayeweza kumfukuza mtu aende mbele zaidi. Siku za wiki alifundisha Kiingereza kwenye shule ya watu wazima ya upande mwingine wa jiji, kazi ya mshahara. Sisi wa Jumamosi hakututoza kitu zaidi ya kupanga viti.

Jambo alilojulikana kwalo kuliko ubao ule lilikuwa unga. Mwanafunzi wake akipoteza kazi, Mwalimu alimwendea nyumbani kama watu wanavyokwenda kwenye msiba, akiwa amebeba pakiti ya unga wa mahindi kutoka duka la Waafrika. Hakuleta kadi wala ushauri. Alikaa, akauweka unga mezani, na unga huo ulipaswa kusongwa palepale na kuliwa na wote waliopo kabla hajaondoka. Unga wa kuwekwa kabatini, alisema, ni unga unaongojea balaa lingine. Warundi tulimtania kwamba msiba wetu unataka ugali wa muhogo, huo wa mahindi ni wa kuku, naye alijibu kwamba atakayefukuzwa atachagua unga, asiyefukuzwa anyamaze.

Unga ulikuwa na sharti moja. Haukupelekwa kwa tetesi. Ilikuwa lazima mwenyewe awe amelisema neno, kwa kinywa chake, kwa lugha yoyote: nimefukuzwa. Mtu aliyesema amechoka na kazi, au anatazamatazama mengine, hakuletewa kitu hata kama ghala zima lilijua. "Hatumwombolezei mtu ambaye hajasema amekufa," alisema. Wengine waliona huo ni ukatili. Nami niliona hivyo mwanzoni, mpaka nilipomshuhudia mzee wa zamu yetu.

Mzee huyo, Mrundi wa Gitega aliyeendesha gari la kunyanyulia mizigo, aliitwa ofisini akakuta meneja amemwandalia kahawa na andazi la iliki. Pale kwetu ghalani kahawa na andazi ni vya Ijumaa. Ile ilikuwa Jumanne. Meneja alizungumza kwa upole, akauliza habari za wajukuu, kisha akamsogezea karatasi. Mzee akaweka sahihi. Karatasi ilisema anaondoka kwa hiari yake. Nilimwuliza kwa nini hakukataa, naye alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumtemea mate mwenyeji wake.

"Mtu mzima amekukaribisha," alisema, "amekumiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Utamkatalia karatasi?"

Sidhani Mswidi angefanya kosa hilo. Ni kosa la watu tuliolelewa vizuri. Mzee alipoteza kazi na akapoteza pia haki ya kusema kwamba ameipoteza. Ilimchukua muda mrefu kulisema neno, kwa sababu kwa maandishi hakufukuzwa na mtu. Alipolisema, Mwalimu alichukua treni hadi Jordbro na unga wake, na wakati ugali unasongwa hakufanya utani hata mmoja.

Jumamosi iliyofuata hakufundisha safu mbili. Aliandika swali moja tu na kuliimbisha darasa zima mpaka koo zikatukauka: Unanifukuza, au unaniomba niondoke? Mambo haya mawili, alieleza, si mamoja. Kufukuzwa kuna sheria yake, kuna chama cha wafanyakazi, kuna zamu ya nani aanze kutoka. Ombi lina jibu. Kisha akaongeza kanuni iliyotufanya tucheke ingawa alikuwa amekunja uso: "Kwanza neno, andazi baadaye."

Mtu anaweza kudhani nasimulia habari za mtu asiyeogopa. Alikuwa mwoga kuliko sisi. Hakuwahi kuchelewa kazini wala kuomba ruhusa ya ugonjwa. Mkewe alisema aliwahi kwenda kufundisha na homa, ameficha dawa ndani ya skafu. Simu yake ikilia na namba asiyoijua, aliitazama mpaka ikanyamaza. Alitufundisha kumtazama bosi machoni, na siku mkuu wa shule yake alipomkuta kituoni tukiwa tumesimama naye, nilimwona Mwalimu akivua kofia na kuinamisha kichwa kama kijana wa shule ya msingi. Aliniona nimeona. "Kufundisha kuogelea," alisema kwenye treni, "hakumzuii mtu kuogopa maji."

Msimu wa wasiwasi ulianza kwetu mwaka huu, kabla theluji haijaisha. Meneja alitukusanya na kutangaza kwamba kazi imepungua na watu watapungua. Hakusema wangapi wala lini. Tangu hapo tuliacha kuzungumza wakati wa chakula. Tulitazama mlango wa ofisi. Mtu akionekana amebeba vikombe viwili vya kahawa kwenda upande ule, mikono ya watu ilisimama juu ya maboksi.

Mimi naitwa Mama Keza, na kila anayeniita hunikumbusha nilichokuwa nacho cha kupoteza. Keza ni binti yangu, yuko Bujumbura kwa mama yangu tangu nilipoondoka. Ombi la kumleta liko kwenye idara ya uhamiaji, na masharti yake yanataka mzazi awe na kazi ya kudumu mpaka siku ya uamuzi. Kazi ikienda, ombi linakwenda nayo. Keza hajui sharti hilo. Anachojua ni majina ya vituo vya treni kutoka uwanja wa ndege mpaka Jordbro, ameyahifadhi kwa moyo na hunisomea kwenye simu, kwa mfuatano, bila kukosea. Wiki zile nilimsikiliza anayataja mpaka la mwisho, kisha nikabadilisha mazungumzo.

Nilitaka ushauri wa Mwalimu, na sikutaka kungoja Jumamosi. Siku moja ya katikati ya wiki nilikuwa na mapumziko, nikaenda maktaba ya Vällingby, jirani na ukumbi wetu, kuchapisha karatasi za uhamiaji. Nilimkuta huko, asubuhi ya kazi, ameketi dirishani na gazeti ambalo halikufunuliwa. Mkoba wake wa shule ulikuwa miguuni. Kadi ya shule ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Na alikuwa amevaa viatu vyeusi vya ngozi, mahali ambapo hapakuwa na darasa.

Nilimwamkia. Alishtuka, akaikunja kadi kwenye kiganja.

"Mama Keza. Leo nimepumzika kidogo," alisema.

Nikalikumbuka lile neno la chini kabisa la safu ya kulia, ambalo aliliandika mwenyewe na kulipigia mstari. Niliona pia kwamba kikombe cha chupa yake ya chai kilikuwa na alama za chai za siku nyingi, na kwamba mkutubi wa kaunta alimletea gazeti la pili bila kuombwa, kama anavyoletewa mtu wa kila siku. Sikumwuliza kitu. Nilimweleza hofu yangu mwenyewe. Alisikiliza, akaniuliza kama nalikumbuka lile swali, nikalisema kwa sauti ya maktaba. Aliweka mkono sikioni. Nikalisema tena, watu wakageuka, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Nikiwa kwenye treni ya kurudi nilijua. Shule ilikuwa imemfukuza, na alikuwa akiondoka nyumbani kila asubuhi na mkoba wake kama kawaida. Wengine darasani walikuja kujua baadaye, kwa mpwa wa mtu aliyesoma shule ile. Hakuna aliyempelekea unga. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, na yeye hakuwa amelisema neno. Jumamosi ziliendelea. Alivaa viatu, akafundisha, akavivua. Tulimtazama tukiona aibu, kama tunamwona mtu uchi ambaye hajui.

Zamu yangu ilifika Alhamisi. Meneja alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yangu ya kufungia, akaniuliza kama nina dakika chache. Ofisini kulikuwa na vikombe viwili na andazi moja la iliki kwenye kitambaa cha karatasi. Harufu yake ilikuwa ile ya maandazi ya mama yangu, ya asubuhi za Buyenzi, na nusura inilegeze. Alinisifu. Alisema nina moyo mzuri na mikono myepesi. Alisema kampuni inapanga upya, kwamba mtu kama mimi atapata mengi mazuri huko nje, kwamba wako tayari kunisaidia kuanza ukurasa mpya. Kisha karatasi ikasogea mezani taratibu, na kalamu juu yake.

Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuinama chenyewe. Nilikishika, nikamtazama machoni, nikasema swali kwa Kiingereza cha Mwalimu.

"Unanifukuza, au unaniomba niondoke?"

Meneja alisema hilo ni neno zito. Nikauliza tena, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mlangoni. Alisema hapana, hakuna anayefukuzwa, hili ni pendekezo tu.

"Kama ni ombi, jibu langu ni hapana," nilisema. "Kama ni kufukuzwa, nitamngoja mtu wa chama."

Akaichukua karatasi yake. Mchana mtu wa chama alinieleza kwamba kwa utaratibu wanaanza kutoka walioingia mwisho, na mimi nina wengi walioingia nyuma yangu. Ndiyo maana walitaka niondoke kwa mkono wangu. Alisema kwa sasa niko salama. Nilimwuliza kwa sasa ni mpaka lini. Alisema kwa sasa ni kwa sasa. Andazi nililokuwa nimetoka nalo ofisini nililila nimesimama kituoni Jordbro, makombo yakinimwagikia.

Sikwenda nyumbani. Nilipita duka la Waafrika, nikanunua pakiti ya unga wa mahindi, nikapanda njia nyekundu mpaka mwisho.

Alifungua mlango mwenyewe, na soksi miguuni. Ndani mkewe alikuwa jikoni, maji yakisikika kwenye bomba. Mwalimu aliuona unga kabla hajaniona uso, na sura yake ikaanguka.

"Mama Keza. Umemwaga?"

"Sijamwaga, Mwalimu. Nimeuliza swali, na karatasi imerudi."

Alifumba macho, akashika ukingo wa mlango, akasema Mungu ni mwema, na Keza atakuja. Kisha akafumbua macho na kuutazama mfuko mkononi mwangu.

"Sasa huo ni wa nani?"

"Ni wako."

Nilikuwa nimevunja sharti, na nilijua. Nilingoja anifukuze mlangoni, kwa haki kabisa. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea jikoni. Maji kwenye bomba yalikuwa yamenyamaza.

"Nimepumzika tu kwa muda," alianza. "Shule inapanga upya, na wao..." Akakwama. Alikuwa na Kiingereza chote cha dunia cha kusema jambo lile, magunia na mabuti na mashoka, na nilimwona akiyapita moja moja. Mwishowe alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo ambayo asingemkubalia mwanafunzi yeyote.

"Nimefukuzwa."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria mkononi.

"Mlangoni tumesikia," alisema. "Tumengoja sana. Leta huo unga, Mama Keza, maji nabandika sasa hivi."